Video ya Mzuka: Uchunguzi Huanzia kwenye Faili Halisi

Video zinazodaiwa kuonyesha mzuka katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, au uani mwa nyumba za Likoni husambaa upesi, na anayetumiwa huwa ameshaambiwa la kuona. Imani ya mtu kuhusu majini si kazi ya mchunguzi wa picha. Yeye huuliza tu iwapo picha inathibitisha kinachodaiwa. Kwa hiyo hudai kwanza faili iliyotoka kwenye kamera yenyewe, pamoja na dakika zilizotangulia na zilizofuata. Video iliyopitia WhatsApp huwa imebanwa upya na kupoteza undani, hata doa la ukutani likaonekana kama uso.

Kinachofuata ni kujua kamera ilirekodi vipi, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Usiku kamera nyingi za usalama hutumia mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu halioni. Rangi nyeusi za vitambaa vingi huuakisi mwanga huo badala ya kuufyonza, hivyo mwanamke aliyevaa buibui jeusi anaweza kuonekana kavaa nguo nyeupe, na jamaa zake wasimtambue. Gizani, tena, kamera hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha, na baadhi huchanganya picha zinazofuatana ili kupunguza chengachenga. Matokeo yake ni kwamba anayepita haraka huonekana kama kivuli chepesi, ukuta ukionekana nyuma yake, ingawa hakuna aliyeichezea video. Mbu au nondo akipita karibu na lenzi hung'aa kama tufe la mwanga, nao unyevu wa pwani huacha ukungu kwenye kioo.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni kurudia tukio: mtu avae nguo zilezile, apite palepale saa ileile, mbele ya kamera ileile. Umbo likijirudia, shauri limekwisha.

Udanganyifu wa makusudi nao upo, na ni wa zamani. William Mumler wa Marekani aliuza picha za "roho za wafu" katika miaka ya 1860, akashtakiwa New York mwaka 1869 na kuachiliwa kwa kukosekana ushahidi. Leo programu ya simu hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, kwa hiyo tazama fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, moja baada ya nyingine: je, umbo lina kivuli kinachoelekea upande mmoja na vivuli vingine? Kamera ikitikisika, linatikisika nayo?

Video isiyopata maelezo ibaki hivyo, haijathibitisha mzuka. Nasisitiza hili kwa uchungu, kwa kuwa katika kaunti jirani ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi; jina la jirani lisitajwe kamwe kwa sababu ya picha yenye ukungu. Mwenye kamera anakili faili mapema, maana mashine nyingi hufuta zenyewe rekodi za zamani diski inapojaa.