M-Pesa haijaua noti

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, wapo wanaosema noti zimebakiza miaka michache tu. Dhana hiyo inachukulia kwamba pesa ya simu ni sarafu nyingine inayoshindana na shilingi. Sivyo. Salio unaloliona kwenye simu ni shilingi ileile, na kiasi kinacholingana nalo huwekwa benki kwenye akaunti ya amana.

Mtazame wakala. Ukiweka pesa, yeye anabaki na noti na floti yake, yaani salio lake la kwenye simu, inapungua. Ukitoa, mambo yanageuka. Noti zikimwishia, atakwambia urudi baadaye hata kama salio lako ni nono. Yaani mtandao wenyewe unaziegemea noti, jambo ambalo watabiri hawalitaji sana.

Benki Kuu ya Kenya nayo ilitoa noti mpya mwaka 2019, kisha tena 2024.

Nigeria ilizindua eNaira, sarafu ya kidijitali ya benki kuu yake, Oktoba 2021. Noti zilipoadimika mwanzoni mwa 2023, watu walipanga foleni ndefu kwenye ATM wakizitafuta. Malipo ya simu yatazidi kukua, sina shaka, ila kukua kwake hakuhitaji noti zife.