Vikundi vya ngoma za vijijini Kroatia si bendi za kukodi

Tangu video za wachezaji wa vijijini Kroatia zianze kusambaa kwenye simu za Waswahili, hasa wenzetu waliokwenda huko kufanya kazi, maswali yanayotufikia kuhusu vikundi hivyo yameongezeka, na malalamiko pia. Wapo wanaotaka bei ya kukodi kikundi kwa ajili ya harusi, na wapo waliozuiwa kupiga picha watoto wakaona wamebaguliwa. Juu ya hayo, sheria mpya ya nchi hiyo ya kulinda mali za utamaduni, iliyoanza kutumika Januari 2025 badala ya ile ya 1999, imewatia wasiwasi walionunua mavazi ya kale. Ufafanuzi huu unawahusu wote hao.

Kikundi cha aina hii kwa kawaida huitwa KUD, kifupi cha maneno ya Kikroatia yanayomaanisha chama cha utamaduni na sanaa. Kisheria ni chama kisichogawana faida, chini ya sheria ya vyama ya 2014. Watu 3 wanatosha kukianzisha. Waanzilishi hufanya mkutano, huandika muhtasari, hupitisha katiba, kisha hupeleka maombi kwenye ofisi ya usajili ya mkoa, nayo ina siku 30 za kutoa uamuzi. Mwenyekiti akibadilishwa, katiba ikirekebishwa au makao yakihama, ofisi hiyo ipewe taarifa ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipofikiwa. Kila chama kinatakiwa kuwa na orodha ya wanachama yenye jina kamili, namba ya utambulisho iitwayo OIB, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kujiunga, aina ya uanachama na tarehe ya kuondoka. Mgeni anayeishi Kroatia anaruhusiwa kujiunga kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo ukifika mazoezini ukaombwa OIB, hupelelezwi. Katibu anatimiza wajibu wake, na akiuacha, chama chake ndicho kitakachobanwa.

Fedha zao hutoka kwenye ada za wanachama, michango na ruzuku za manispaa, mkoa au wizara. Wachezaji hawana mshahara, wala kikundi si bendi ya kukodi. Anayelinganisha KUD na Lado, kundi la taifa lililoundwa Zagreb mwaka 1949, anachanganya mambo mawili: Lado ni wasanii wa kuajiriwa wanaocheza ngoma za nchi nzima jukwaani, ilhali kikundi cha kijiji hucheza ngoma ya kijiji chake. Tofauti hii ina historia. Chama cha wakulima cha elimu na utamaduni, Seljačka sloga, kilichoanzishwa 1920, kiliandaa katika miaka ya 1930 matamasha ambako wanavijiji walitakiwa kuleta nyimbo na mavazi ya kwao wenyewe, si vitu vilivyookotwa mjini. Matamasha makubwa ya leo, kama lile la kimataifa la Zagreb lililoanza 1966 na la Đakovo lililoanza 1967, bado yanabeba wazo hilo.

Ndiyo maana tunasikitika tunaposikia mavazi haya yakiitwa sare. Chukua Konavle, eneo lililo kusini-mashariki mwa Dubrovnik. Msichana huvaa kofia ndogo nyekundu, na aliyeolewa hufunga kitambaa cheupe kilichotiwa wanga kikakakamaa. Kifuani na kwenye ncha za mikono ya nguo kuna tarizi la hariri, na hariri hiyo ilizalishwa nyumbani. Mwanamke aliweka mayai ya viwavi wa hariri kwenye kifuko akakivaa kifuani mwake ili yapate joto la mwili na kuanguliwa, kisha akawalisha viwavi majani ya mforosadi mpaka wajifunge ndani ya nyuzi zao. Nyuzi zilifumuliwa, zikatiwa rangi ya mimea, ndipo sindano ikaanza kazi. Katika vita vya 1991, Kroatia ilipojitenga na Yugoslavia, nyumba za Konavle zilichomwa na kuporwa, na mavazi ya akina bibi yakapotea humo. Vazi la namna hiyo likisalia, huwezi kulichanganya na sketi ya Slavonia, eneo la mashariki mwa nchi, kwa sababu tu rangi zinapendezana kwenye picha. Kwa anayejua, kofia ya msichana juu ya kichwa cha mke wa mtu ni kosa linaloonekana kutoka mbali.

Wanaotaka kununua wazingatie yafuatayo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2009 inadai leseni kwa makusanyo ya kietnografia yenye thamani inayozidi euro 50,000 yanapotolewa nje ya Umoja. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu, wakiona vazi moja haliwezi kufikia bei hiyo. Ipo pia sheria ya nchi yenyewe: kitu kilichoorodheshwa kuwa mali ya utamaduni hakivuki mpaka bila kibali, hata kama ulikipata kwa bei ya kutupa. Neno la muuzaji si hati. Nenda kwanza ofisi ya kuhifadhi mali za utamaduni ya eneo husika na picha za vazi, maelezo ya lilikotoka na risiti, uombe jibu la maandishi. Afisa wa forodha hatasikiliza hadithi ya zawadi.

Wapo pia wanaodhani kwamba ngoma ikiandikwa UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, wenyewe hupata umiliki na posho; hilo tumelieleza mara nyingi na tutalieleza tena. Kroatia iliingiza mambo 7 kwa mpigo mwaka 2009 kwenye orodha ya shirika hilo ya urithi wa utamaduni usioshikika, yakiwemo maandamano ya wasichana wa Gorjani ya majira ya kuchipua na uimbaji wa sauti mbili wa Istria. Mwaka 2011 likafuata nijemo kolo, ngoma ya duara ya Dalmatia ya ndani, mbali na pwani, inayochezwa bila muziki wowote: kinachosikika ni vishindo vya miguu na mlio wa mapambo ya mavazi. Kuandikwa huko hakumpi mtu umiliki, wala hakuleti posho kila mwezi. Ojkanje, uimbaji wa sauti inayotetemeka kutoka kooni, uliingizwa 2010 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Wimbo mmoja hudumu kadiri pumzi ya mwimbaji kiongozi inavyodumu, na mtu hujifunza kwa kumwiga aliyemtangulia. Sasa fikiria kijiji ambacho vijana wake wamekwenda Ujerumani na Ireland. Sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 4.28 nchini Kroatia, ile ya 2021 ikahesabu milioni 3.87. Vikundi vinakosa wavulana wa kucheza na wasichana wa kuimba. Hilo ndilo linalotukosesha usingizi, kuliko orodha yoyote.

Kurekodi nako kuna utaratibu. Ni kweli kwamba wimbo wa asili katika umbo lake la asili haulindwi na hakimiliki. Lakini mpangilio mpya wa sauti, michezo iliyotungwa kwa ajili ya jukwaa, haki za waimbaji na rekodi yenyewe vinalindwa. Usichukue sauti ya kikundi ukaiweka kwenye tangazo la biashara yako kwa hoja kwamba ni ya mababu. Picha za watoto zinahitaji ridhaa ya mzazi, kwa maandishi, ikieleza zitatumika wapi. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu 25 Mei 2018, inaruhusu faini ya hadi euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya kampuni, kwa kufuata kilicho kikubwa zaidi. Mpiga picha wa familia hatatozwa kiasi hicho. Hata hivyo kikundi kilichokuzuia kina haki ya kukuzuia.

Mwisho ni vikundi vya kwetu vinavyoalikwa. Kroatia iko Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, tangu 1 Januari 2023, kwa hiyo visa ni ya Schengen: siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Bima ya afya iwe ya angalau euro 30,000, na ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Barua ya mwaliko itoke kwa chama kilichosajiliwa, isainiwe na mwenye mamlaka ya kukiwakilisha. Jina lake liko kwenye rejista ya vyama, ambayo ni ya wazi mtandaoni, lilinganisheni kabla ya kulipa chochote. Wanaobeba ngoma zilizowambwa kwa ngozi ya kenge, kama engalabi ya Uganda, waulizie kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwenye mamlaka ya wanyamapori ya nchi yao mapema, pamoja na maombi ya visa, wasingoje siku ya kufunga mizigo.