Hita ya gesi ya zamani mekoni: yanayosemwa na ukweli wake

Nyumba nyingi za zamani nchini Uingereza bado zina hita ya gesi iliyopachikwa kwenye meko ya sebuleni, palepale palipokuwa pakichomwa makaa ya mawe. Hita ikichakaa, Waswahili wanaoishi huko huulizana wafanyeje, na baadhi ya majibu wanayopeana ni ya hatari.

"Gesi ni kufungua na kufunga tu, kwani nyumbani hatubadilishi mitungi wenyewe?" Ukibadilisha mtungi, jiko ni lilelile. Ukibadilisha hita, unagusa bomba la gesi, dohani na hewa ya chumba kwa pamoja. Kwa kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998, fundi unayemwita kwa kazi hiyo lazima awe amesajiliwa, na tangu 2009 daftari la mafundi hao ni Gas Safe Register. Mwombe kadi yake, kisha igeuze. Nyuma zimeandikwa aina za vifaa anavyoruhusiwa kuvishughulikia, na fundi wa boila (mtambo wa kupasha maji) si lazima awe fundi wa hita za mekoni.

"Kukiwa na hatari nitanusa." Harufu unayoijua hutiwa kwenye gesi makusudi ili ikivuja watu wajue. Lakini kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, haina harufu, rangi wala ladha. Gesi ya kale iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe ilikuwa na sumu hiyo ndani yake. Ile ya Bahari ya Kaskazini, iliyoenezwa majumbani kati ya 1967 na 1977, haina, ndiyo maana wapo wanaoamini kwamba sumu imekwisha. Haijaisha: huzaliwa kwenye mwali gesi inapoungua bila hewa ya kutosha. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni mafua, na akitoka nje hupata nafuu. Weka king'ora cha kaboni monoksidi. Katika England, tangu Oktoba 2022, mwenye nyumba analazimika kumwekea mpangaji king'ora hicho katika chumba chenye hita ya gesi.

Kuhusu mwali wa manjano kuwa dalili ya ubovu, hiyo ni kweli nusu. Zipo hita za mapambo zilizoundwa kutoa mwali wa manjano unaofanana na moto wa kuni. Masizi yanayotanda ukutani juu ya hita, hayo hayana mjadala: zima na umwite fundi.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni hii: "Dohani imefanya kazi miaka yote, ya nini kuikagua?" Nyuma ya hita kuna nafasi iliyoachwa ili vipande vya matofali, masizi na viota vya ndege viangukie humo bila kuziba njia ya moshi. Ikijaa, moshi hurudi sebuleni, na wewe ulioketi mbele yake huoni kitu. Kwa hiyo dohani isafishwe kabla hita mpya haijafungwa. Kisha mtazame fundi akipima: hufunga milango na madirisha, huiacha hita ipate moto, halafu huleta kijiti cha moshi ukingoni mwake. Moshi ukivutwa ndani ya hita, ni salama. Ukimwagika chumbani, hita haiwashwi, hata kama umeshalipa.

Tundu la hewa ukutani nalo huzibwa kwa sababu ya baridi. Hita nyingi zisizozidi kilowati 7 huwa hazilihitaji, lakini zile za mapambo zilizo wazi kwa kawaida hulihitaji. Tundu likiwepo, usilizibe bila kumuuliza fundi.

Na si kila hita mpya hupunguza bili. Ya mapambo iliyo wazi hupeleka joto lake kubwa juu dohanini, yenye kioo mbele hubakisha sehemu kubwa zaidi chumbani. Ya umeme haipotezi joto dohanini, ila uniti ya umeme ni ghali mara kadhaa kuliko ya gesi.

Kabla ya kung'oa chochote, ulizia kama nyuma ya hita kuna boila. Huenda ndiyo inayopasha maji na redieta (vyuma vya ukutani vya kutoa joto) za nyumba nzima. Na kama ni boila ya zama za makaa ya mawe iliyoachwa na maji ndani, ikazibwa na kusahaulika, kuwasha moto mbele yake kunaweza kuilipua. Fundi aiondoe, au aimwage maji na kuiacha wazi isipate shinikizo, kabla hita mpya haijawekwa.