Naenda zangu mlimani peke yangu, namwambukiza nani?

Hili swali linarudi kila ukitangazwa mlipuko wa ugonjwa, na huwa linakuja na kaubishi fulani hivi. "Dokta, mimi naenda zangu Hombolo, nakaa juu ya jiwe naangalia bwawa, sina mtu wa kuongea naye, sasa namwambukiza nani, mbuzi?" Na ukweli ni kwamba swali lina akili, sio la kulicheka, ndo maana nimeamua nilijibu kwa urefu maana kwenye WhatsApp nikijibu kifupi watu wananiona nabana.

Kazi yangu ni ufuatiliaji wa magonjwa ya mlipuko. Kwa lugha rahisi mimi ndo yule mtu anayekupigia simu kukuuliza juzi ulikaa na nani, ulikula wapi, ulipanda gari gani, siti ya dirishani au ya katikati, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa. Na siku nikiwa sina zamu natembea sana kwenye vilima vya hapa Dodoma na baiskeli napanda, kwahiyo msije mkadhani naongea kama mtu wa ofisini anayewaonea wivu wenye raha zao.

Tuanze na pale ambapo mna haki. Kwa ugonjwa unaosambaa kwa hewa kama Korona, nje ni salama kuliko ndani, na tofauti yenyewe sio ndogo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2021 yalikuta maambukizi yaliyotokea nje hayafiki asilimia 10 ya yote, na uwezekano wa kuambukizwa ndani ulikuwa kama mara 18 hivi kuliko nje. Upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe, ukivuma mwezi wa saba kofia yako unaikuta kwa jirani, sasa hivyo vitone vinavyotoka mdomoni vitakaa wapi? Kwahiyo wewe pale juu ya jiwe huna shida kabisa. Shida ni kwamba hukuzaliwa pale juu ya jiwe, umefika kwa namna fulani na utarudi kwa namna fulani.

Kuna mfano mmoja huwa nautumia sana kufundishia. Januari 2020 kule mkoa wa Zhejiang, China, watu walienda kwenye ibada kwa mabasi mawili, safari ya dakika kama 50 kwenda na 50 kurudi, ibada yenyewe ikafanyika sehemu ya wazi. Kwenye basi moja kulikuwa na mtu ameshaambukizwa, madirisha yamefungwa, hewa ya ndani inazungushwa ileile. Basi hilo lilikuwa na watu 68, wakaja kukutwa na ugonjwa 24. Basi la pili lilikuwa na watu 60, hakupata hata mmoja! Na waliofika ibadani kwa njia nyingine walikuwa 172, wakapata saba tu. Wote hao walikuwa sehemu moja, hewa ileile ya nje, kilichowatofautisha ni usafiri.

Sasa ichukue hiyo uiweke kwenye safari zetu za huku. Mtu anakwambia anaenda Kolo, Kondoa, kuangalia michoro ya mapangoni, peke yake, kutuliza akili. Safari nzuri, sehemu imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006 na wengi wa Dodoma hawajawahi kufika, aibu yetu. Ila hebu tuitembee hiyo safari polepole. Umetoka nyumbani na bajaji mpaka stendi. Stendi umekaa unasubiri basi lijaze, na basi halijazi kwa dakika kumi. Umekaa siti za watu watatu, wewe katikati, mama wa pembeni hataki dirisha lifunguliwe kwa sababu ya vumbi au mtoto ana mafua. Njiani mmesimama kuchimba dawa, umenunua maji kwa kijana aliyening'inia dirishani, uso kwa uso. Kondoa mjini umekula kwa mama ntilie, ukatafuta usafiri wa kwenda Kolo. Na pale Kolo huendi mwenyewe, lazima upitie ofisini kwao na upewe muongozaji, kama una gari anapanda humohumo anakuelekeza njia. Mkianza kupanda kile kilima mnahema wote wawili huku mnaongea, halafu mnasimama chini ya jiwe kichwa kwa kichwa anakuonyesha mchoro wa twiga. Niambie hapo upweke uko wapi? Ukirudi nikikupigia simu kuuliza ulikaribiana na nani nitajaza kurasa na bado tutakuwa tumewasahau wa kwenye bajaji.

Hanang hivyohivyo. Mlima una mita zaidi ya 3,400, kule juu kweli kuna ukimya, lakini Katesh unalala gesti, unakula hotelini, unapanda na mtu.

Kuna wanaosema sawa, mimi nina gari langu. Hapo tunaanza kuelewana. Gari lako, uko mwenyewe au na watu mnaoishi nyumba moja, mafuta umejaza hapahapa mjini, chakula na maji umebeba, huna sababu ya kusimama, hiyo ni safari tofauti kabisa na ya basi. Ila wabongo tunajuana. Utaona mzee amesimama kwenye jua pale Chamwino anaomba lifti na roho itakusuta, utampakia, utafunga vioo kwa sababu ya vumbi na kiyoyozi umekiweka kwenye kuzungusha hewa ya ndani, na hapo umetengeneza lile basi la Zhejiang kwa ukubwa wa Vitz. Sisemi uwe na roho mbaya. Kama umempakia shusha vioo vyote vinne, mvae barakoa wote wawili, vumbi mtaoga jioni.

Halafu kuna hili la "mimi mzima". Hili ndo linanipa shida zaidi kwenye kazi. Korona ile ya mwanzo, mtu akishaambukizwa ilichukua wastani wa siku tano au sita dalili kuonekana, wengine mpaka 14, na alikuwa anaweza kuanza kuambukiza kama siku mbili kabla hajakohoa hata mara moja. Wengine hawakuona dalili kabisa. Sasa nani anapanga safari ya kupanda mlima? Mgonjwa hapangi. Anayepanga ni mtu anayejisikia fresh, ana nguvu, miguu inawasha, na huyo ndo hasa anayeweza kuusafirisha ugonjwa bila kujua wala kuonekana. Na sisi wa Dodoma tujiangalie zaidi kuliko tunavyojiangalia. Mji huu sasa hivi ni njiapanda ya nchi: Bunge likikaa wanakuja watu wa kila mkoa, semina haziishi, wizara zimehamia, na tangu 2024 kuna treni ya SGR mtu anatoka Dar asubuhi anakula mchana hapa na kurudi. Kwahiyo mtu wa Dodoma mjini akienda kijijini "kujitenga", mara nyingi yeye ndo hatari na kijiji ndo kilikuwa salama.

Na kijijini kuna nini cha kupokea huo ugonjwa? Zahanati. Tabibu, nesi, labda na mhudumu mmoja, oksijeni mara nyingi mpaka hospitali ya wilaya. Hii sio shida yetu peke yetu. Kule Marekani kuna mji mdogo unaitwa Moab, jimbo la Utah, watu wanatoka mbali kwenda kuendesha baiskeli kwenye miamba. Machi 2020 hospitali yao, yenye vitanda 17 tu, ilimwandikia gavana kuomba wageni wazuiwe, na mamlaka ya afya ya kule ikafungia hoteli na kambi kwa watu wasio wakazi. Wale wageni wote walikuwa wanajiona wanaenda jangwani, tena peke yao.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho huwa hakimo kwenye hesabu za mtu yeyote, ajali. Umeteleza kwenye jiwe, kifundo kimegeuka, huwezi kutembea. Dodoma hatuna helikopta ya kuja kukuchukua wewe na selfi zako. Watakaokuja ni vijana wa kijiji, watano au sita, wanakubeba kwenye shuka au kitanda cha kamba kuteremka kilima, wanahema juu ya uso wako na wewe unalia juu ya nyuso zao, wanakupandisha bodaboda umebanwa katikati, zahanati, halafu Noah ya mtu mpaka mjini. Safari iliyoanza na mtu sifuri imemaliza na watu kumi na kitu, wa karibu kabisa, na hakuna hata mmoja aliyeiomba. New Zealand walipofunga nchi mwishoni mwa Machi 2020 walikataza hata kuogelea baharini, kuwinda na kutembea maporini, na hii ya uokoaji ilikuwa moja ya sababu. Waziri wao wa afya, David Clark, akapeleka familia yake ufukweni kilomita kama 20 kutoka nyumbani na siku nyingine akaenda kwenye njia ya baiskeli za mlimani. Akashushwa ngazi kwenye baraza la mawaziri Aprili hiyohiyo. Watu walisema wamemwonea, ufukwe ulikuwa hauna shida. Mimi nadhani kama umewaambia watu milioni tano wasitoke na wewe usitoke, basi.

Ila mimi sio wa kundi la "kaeni ndani mpaka tuwaambie". Kukaa ndani nako kunaumiza, presha inapanda, sukari inapanda, ndoa zinapata shida, na nyumba zetu nyingi za kupanga ni chumba na sebule watu sita, sasa huyo unamwambia abaki ndani kwenye hewa gani? Afrika ya Kusini walianza kwa kukataza hata kukimbia mtaani, Machi 2020, baadaye kuanzia Mei wakaruhusu saa 12 asubuhi mpaka saa 3, ndani ya kilomita 5 kutoka nyumbani. Zile kilomita 5 nazikubali sana. Ila zile saa tatu ndo zilikuwa kichekesho, maana mji mzima ulitoka kwa pamoja, pale Sea Point, Cape Town, ukiangalia picha utadhani ni marathoni. Na Wales kabla hawajafunga, wikiendi ya Machi 21 na 22 mwaka huohuo, kila mtu alipata wazo lilelile la kwenda kutulia mlimani Snowdonia, hifadhi ikaripoti haijawahi kuona watu wengi namna ile. Kwahiyo nikisikia serikali inataka kubana masaa nitasema hapana, achia masaa, bana umbali.

Na hilo ndo jibu langu. Nenda, ila nenda karibu, kwa miguu yako au baiskeli yako kuanzia mlangoni. Ukiwa Dodoma mjini huna kisingizio, Mlimwa ipo, vilima vya nyuma ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kule Iyumbu vipo, njia za mashamba ya zabibu za Mpunguzi zipo, toka saa 12 kasoro jua halijawa kali na hukutani na mtu zaidi ya wachunga ng'ombe ambao mnasalimiana kwa mkono wa mbali. Hombolo kwa baiskeli kama una miguu, beba maji mengi na tairi la akiba. Usichague siku hiyo kupanda jiwe ambalo hujawahi kulipanda. Kolo na Hanang na samaki wa Mtera hawahami, vitakusubiri.

Kabla ya kutoka mimi hufanya hesabu moja tu: kutoka mlangoni mpaka kurudi mlangoni, nitavuta hewa moja ya ndani na watu wangapi nisioishi nao, na nikivunjika mguu wataongezeka wangapi? Kama namba ya kwanza ni sifuri na ya pili ni ndogo natoka. Kama ya kwanza tu inafika ya kujaza Noah, hiyo imekufa, natafuta kilima cha karibu.

Haya yote nimeyasema kwa ugonjwa wa hewa. Ukiwa ugonjwa mwingine hesabu inabadilika. Kipindupindu hakina habari na dirisha la basi, kule tunaongelea umejisaidia wapi na kijiji kinachota maji wapi, na mtu wa kambi anayechimba kishimo karibu na korongo ni hatari kuliko abiria hamsini. Homa ya virusi vya Marburg, iliyotukuta Kagera 2023 na tena 2025, ndo kabisa, maana huko porini peke yako ndo kwenye chanzo: Uganda, kwenye pango moja la popo ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, mtalii wa kutoka Marekani aliambukizwa mwishoni mwa 2007 akapona, na mwaka uliofuata mwanamke wa Uholanzi akaambukizwa palepale akafariki. Mapango yenye popo wanaokula matunda muyaache, mlipuko uwepo usiwepo.

Kitu cha mwisho ni ombi la kikazi. Ukisafiri kipindi cha mlipuko andika kwenye simu ulikopita: basi gani na saa ngapi, namba ya muongozaji, gesti, hata "mama wa chapati karibu na sheli" inanisaidia. Kaa nayo siku 14. Ukipata homa au kikohozi usiende kwanza kujibanza kwenye foleni ya hospitali, piga 199 ni bure, eleza umetoka wapi, halafu huyo atakayekupigia baadae, anaweza akawa mimi, msomee hiyo orodha.