Upanuzi wa barabara kuu na biashara ya ndani: maana yake, na mahali faida inapopotelea

Upanuzi wa barabara kuu ni kuongeza uwezo wa barabara ambayo tayari ipo. Si kufungua njia mpya, wala si kutia lami barabara ya vumbi, ingawa kwenye hotuba mambo haya matatu huchanganywa kama kitu kimoja. Mara nyingi maana yake ni kutoka njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, hadi njia nne zenye kizuizi katikati. Lakini kuongeza njia ya malori mlimani ni upanuzi pia. Vivyo hivyo kupanua mabega ya barabara, yaani kingo zake za pembeni, kunyoosha kona kali, na kujenga barabara ya mchepuko inayokwepa katikati ya mji.

Biashara ya ndani, kwa maana ya makala hii, ni mzigo unaotoka mkoa mmoja kwenda mwingine bila kuvuka mpaka wa nchi: saruji, nafaka, mbolea, vinywaji, vipuri. Kwa kuwa haina forodha, wengi hudhani haina vikwazo. Kikwazo chake ni gharama ya kuufikisha mzigo, nayo ina sehemu nne: nauli ya lori, muda, mzigo unaoharibika au kupotea njiani, na kutojua utafika lini. Upanuzi unazigusa zote, ila si kwa kiasi sawa.

Tuanze na sababu ya barabara ya njia mbili kukwama. Anayetaka kuovateki lazima asubiri upande wa pili uwe wazi. Magari yakiongezeka, nafasi za kuovateki hupungua wakati uleule ambao wanaozitaka wanaongezeka, kwa hiyo mwendo wa wote huishia kuwa mwendo wa lori la polepole kuliko yote. Wahandisi hukadiria kwamba barabara ya njia mbili, hali ikiwa nzuri kabisa, hupitisha magari madogo yapatayo 3,200 kwa saa kwa pande zote mbili kwa pamoja. Njia nne zilizotenganishwa hupitisha zaidi ya 8,000. Njia zimeongezeka mara mbili, uwezo umeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu, kwa sababu kuovateki hakutegemei tena anayekuja mbele.

Hesabu hiyo ni ya magari madogo kwenye tambarare. Lori lililojaa likipanda mlima mkali linaweza kushuka hadi kilomita 20 kwa saa, na hapo lori moja hula nafasi ya magari madogo mengi. Ndiyo maana njia ya ziada ya kupandia, ya kilomita mbili au tatu tu, huweza kuondoa sehemu kubwa ya msururu kwa gharama ndogo sana kuliko kupanua kilomita mia. Bahati mbaya kazi ya namna hiyo haina utepe wa kukata, na huachwa nyuma ya miradi inayopendeza kwenye picha.

Upande wa pili wa hesabu hiyo husahaulika pia. Barabara inayopitisha magari 300 kwa saa haina msururu wa kuondoa. Ukiiongezea njia mbili utapata usalama zaidi, lakini lori halitafika mapema kwa kiasi cha kubadilisha nauli.

Hesabu ya lori moja

Chukua lori linalopeleka mzigo umbali wa kilomita 600. Kabla ya upanuzi linakwenda wastani wa kilomita 40 kwa saa, yaani saa 15 kwenda na 15 kurudi. Ongeza saa 18 za kusubiri kupakia na kushusha kwenye ncha zote mbili. Mzunguko mmoja ni saa 48. Likifanya kazi saa 480 kwa mwezi, linapiga mizunguko 10.

Baada ya upanuzi wastani unapanda hadi kilomita 60 kwa saa. Saa za barabarani zinashuka kutoka 30 hadi 20, lakini zile 18 za kusubiri ziko palepale. Mzunguko ni saa 38, na kwa mwezi lori linapiga mizunguko 12 na zaidi ya nusu. Kasi imeongezeka kwa asilimia 50, kazi ya lori imeongezeka kwa asilimia 26 hivi.

Sasa gharama. Za lori ziko za aina mbili. Kuna zinazohesabiwa kwa muda, lori litembee lisitembee: marejesho ya mkopo, bima, mshahara, leseni. Na kuna zinazohesabiwa kwa kilomita: mafuta, matairi, oili. Upanuzi hugusa zaidi zile za kwanza, kwa sababu zinagawanywa kwa mizunguko mingi zaidi. Kilomita hazijapungua, mafuta yanayookolewa ni yale ya kufunga breki na kubadilisha gia kila mara nyuma ya msururu. Katika mfano wetu gharama za muda kwa kila mzunguko zinashuka kwa asilimia 21. Zikiwa ni nusu ya gharama zote, gharama nzima ya safari inashuka kwa asilimia 10 hivi.

Endelea mpaka sokoni. Kama usafiri ni asilimia 20 ya bei ya bidhaa, bei inaweza kushuka kwa asilimia 2. Kwa bidhaa nzito isiyo na thamani kubwa, ambayo usafiri ni asilimia 40 ya bei yake, ni asilimia 4. Kwa simu za mkononi, ambazo usafiri wake ni chini ya asilimia moja ya bei, mnunuzi haoni kitu. Anayeahidi kwamba barabara ikipanuliwa bei zitashuka kwa robo hajapita hatua hizi moja moja.

Turudi kwenye zile saa 18. Ukizipunguza hadi 9 bila kugusa barabara hata kidogo, mzunguko unakuwa saa 39, karibu sawa kabisa na ule wa barabara iliyopanuliwa. Zege la kuongeza geti la pili la ghala, mashine ya kunyanyulia mizigo na utaratibu wa kupanga zamu kabla lori halijafika haligharimu hata sehemu ndogo ya bei ya barabara. Hii haimaanishi barabara isipanuliwe. Maana yake ni kwamba kadiri barabara inavyokuwa nzuri, ndivyo foleni ya kushusha inavyochukua sehemu kubwa zaidi ya mzunguko.

Gharama si nauli

Gharama ni anachotumia mwenye lori. Nauli ni anachomtoza mwenye mzigo. Ya kwanza ikishuka, ya pili hushuka pale tu wenye malori wanapogombania mzigo. Kukiwa na umoja unaopanga bei, au utaratibu wa kupeana mzigo kwa zamu bila kujali nani ana bei nafuu, gharama itashuka na nauli itabaki ilipo. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2009 kuhusu bei za usafirishaji Afrika ulieleza jambo hili kwa njia kuu za Afrika Magharibi na ya Kati: kutengeneza barabara kulipunguza gharama za wenye malori zaidi ya nauli, kwa sababu soko la usafirishaji lilikuwa limefungwa.

Kuna pia suala la kurudi tupu. Lori lisilopata mzigo wa kurudi humtoza mwenye mzigo wa kwenda safari zote mbili. Upanuzi hauleti mzigo wa kurudi wenyewe. Pengine huzidisha tatizo, kwa sababu mji mkubwa hupeleka bidhaa nyingi zaidi mikoani, na mikoa haina cha kujaza malori yanayorudi isipokuwa msimu wa mavuno.

Faida ambayo wachumi wengi huiweka chini, na wafanyabiashara huiweka juu, ni uhakika. Chukua duka la jumla linalouza katoni 40 kwa siku. Kama mzigo huagizwa na kufika baada ya siku 2 hadi 6, mwenye duka mwangalifu atakaa na katoni 240 ili asiishiwe. Ukifika kwa uhakika ndani ya siku 2 hadi 3, katoni 120 zinamtosha. Kama safari za siku 6 zilikuwa chache, wastani wa safari huenda haujabadilika sana, lakini mtaji wa katoni 120 umetoka ghalani na unaweza kununua kitu kingine. Kwa bidhaa zinazooza tofauti ni kubwa zaidi: mboga haijui wastani, inajua ile siku moja lori lilipokwama.

Nani ananufaika, nani anabanwa

Barabara mbaya ni aina ya ukuta. Humzuia mzalishaji wa mkoani asifike mjini, lakini pia humkinga dhidi ya kiwanda kikubwa cha mjini. Ukipanua barabara, ukuta unapungua pande zote mbili.

China ni mfano unaojulikana. Mtandao wake wa barabara kuu wa taifa, wa kilomita zipatazo 35,000, ulilenga kuunganisha miji mikubwa. Mchumi Benjamin Faber, katika utafiti wa 2014, alilinganisha wilaya za pembeni zilizopitiwa na barabara hizo na zile ambazo hazikupitiwa. Zilizopitiwa zilikua polepole zaidi, hasa upande wa viwanda. Bidhaa za viwanda vikubwa zilifika kwa urahisi, na viwanda vidogo vya huko havikuhimili. Hilo si hasara tupu; mnunuzi wa pale alipata bidhaa kwa bei nafuu. Ila ajira zilihama.

India ilipanua barabara kuu zinazounganisha Delhi, Mumbai, Chennai na Kolkata, jumla ya kilomita 5,846, kuwa za njia nne au sita. Huko utafiti ulionyesha viwanda vikiongezeka kwenye wilaya zilizo ndani ya kilomita 10 hivi kutoka barabarani, na faida ikififia haraka unapokwenda mbali zaidi. Kilomita 40 za barabara mbovu ya kijijini kabla ya kufika kwenye njia nne zinaweza kumeza karibu yote.

Marekani nayo ina jibu la kushangaza kidogo. Wachumi Duranton, Morrow na Turner walikuta kwamba mji ukiongezewa barabara kuu kwa asilimia 10, uzito wa mzigo unaotoka mjini humo huongezeka kwa asilimia 5 hivi, lakini thamani yake kwa jumla haibadiliki sana. Mji wenye barabara nyingi hujikita kwenye vitu vizito, na vile vyepesi vya thamani huzalishwa kwingine. Kwa hiyo kuhesabu tani peke yake, kama ripoti nyingi za miradi zinavyofanya, kunaweza kuonyesha biashara imeshamiri wakati kilichobadilika ni aina ya mzigo.

Wauzaji wa kando ya barabara ni kundi la pekee. Mchepuko ukikamilika, malori huacha kupita katikati ya mji, na biashara zilizotegemea dereva kusimama hukosa wateja karibu mara moja. Wenyeji wa mji wanapata hewa na usalama. Wenye vibanda wanahitaji eneo la kuegesha malori lililopangwa kwenye mchepuko wenyewe tangu kwenye michoro.

Kinachoharibika baadaye

Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalitoa kanuni inayotumika hadi leo: madhara ya ekseli, yaani mhimili unaobeba matairi ya lori, kwa barabara hukua takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli iliyozidi kwa asilimia 20 haiongezi madhara kwa asilimia 20. Inayafanya kuwa mara mbili hivi. Kwenye barabara iliyopanuliwa malori mazito hujipanga njia ya nje, kwa hiyo njia hiyo ndiyo inayobeba karibu mzigo wote. Mlimani, ambako lori huenda polepole na kukandamiza lami kwa muda mrefu, hutokea mifereji ya matairi. Madereva huikwepa kwa kuhamia njia ya ndani, na hapo msururu unarudi kama zamani, safari hii kwenye barabara ya njia nne. Mizani ya kupimia malori isiyofanya kazi huacha uzito huo uliozidi upite, na hula faida ya upanuzi kimyakimya.

Kipimo cha kujua kama biashara imenufaika ni pengo la bei ya bidhaa ileile kati ya masoko mawili ya ncha za barabara. Tuseme bei ya gunia ni 100 linakolimwa na 130 linakouzwa. Katika zile 30, nauli ni 18, upakiaji na ushushaji 5, upotevu 3, na faida ya mchuuzi 4. Baada ya upanuzi nauli ikishuka hadi 16 na pengo likawa 28, faida imefika sokoni. Nauli ikishuka na pengo likabaki 30, zile 2 zimeishia kwa mtu wa kati. Nauli isiposhuka kabisa, tatizo liko kwenye soko la malori, si kwenye lami. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka mwingine, daraja lilelile la bidhaa, na uondoe mabadiliko ya bei ya dizeli kwanza, maana dizeli ikipanda tu katikati ya mradi inaweza kuficha kila kitu.