AC ya gari haipozi? Si lazima gesi iwe imeisha

Peleka gari kwa fundi AC yeyote Dar es Salaam, sema linapuliza joto, na mara nyingi utajibiwa kabla boneti haijafunguliwa: "Gesi imeisha, tujaze." Kuna siku anapatia. Siku nyingine unalipa bure.

Dhana: Gesi hutumika ikaisha, kama petroli.
Gesi ya AC haiungui. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kutoka kompresa (pampu inayoisukuma) kwenda kondensa (kama rejeta, hutoa joto nje), evaporeta (hupoza hewa ya ndani ya gari), kisha inarudi. Gari la miaka mingi hupoteza kidogo kidogo kupitia mipira na sili, hilo ni kawaida. Lakini iliyojazwa Januari ikiwa haipo Machi, inavuja. Tafuta doa la mafuta lililonasa vumbi kwenye maungio ya mabomba na usoni mwa kondensa, ambako kokoto hupiga. Mafuta ya kompresa husafiri na gesi, hivyo pale gesi inapovujia, nayo huacha alama.

Dhana: Ikipoza ukiwa kwenye mwendo na kupuliza joto kwenye foleni, ongeza gesi.
Hapa ndipo hela za watu zinapoteketea. Gari likitembea, upepo wa barabarani hupoza kondensa. Ukikwama kwenye foleni ya Mwenge, kazi hiyo inabaki kwa feni. Washa AC gari likiwa limesimama, fungua boneti, tazama: feni inazunguka? Kama haizunguki, anza na fyuzi, kisha relei (swichi ya umeme inayoiwasha), kisha mota yenyewe. Kama inazunguka kwa nguvu, chungulia kondensa. Huenda mapezi yake yamezibwa na matope na wadudu, na maji ya mpira yasiyo na presha kubwa yanatosha kuyasafisha. Ukiongeza gesi feni ikiwa mbovu, presha inapanda zaidi, swichi ya usalama inaikata kompresa, na joto linarudi palepale.

Mwambie fundi afunge geji zote mbili za kupima presha, moja upande wa presha ndogo na moja upande wa presha kubwa, mfumo ukiwa unafanya kazi. Pande zote zikisoma chini, gesi ni pungufu kweli. Zote zikiwa juu, shuku feni, kondensa au gesi iliyozidishwa. Upande wa presha ndogo ukipanda huku wa presha kubwa ukishuka, kompresa imechoka.

Dhana: Gesi nyingi, baridi nyingi.
Kinyume chake. Kibandiko chini ya boneti hutaja aina ya gesi, kwa mfano R134a, na uzito wake kwa gramu. Fundi makini huvuta hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, kisha hupima gesi kwenye mizani. Anayeshika bomba na kusema "sasa imekaa" anabahatisha. Na atakayekuletea mtungi wa gesi ya kupikia, mkimbie: inapoza, ndiyo, lakini evaporeta iko ndani ya dashibodi, na ikivuja mtakuwa mmeketi na gesi inayolipuka.

Dhana: Maji yanayodondoka chini ya gari ni gesi inayovuja.
Ni unyevu wa hewa tu. Wasiwasi uje yakilowesha zulia la abiria, maana mpira wa kutolea maji umeziba.

Dhana: Upepo ukiwa dhaifu, kompresa imekufa.
Kama huo upepo kidogo ni wa baridi, kompresa haina kosa. Katika magari mengi ya Kijapani, chomoa kidroo cha dashibodi upande wa abiria, nyuma yake kuna chujio la hewa inayopulizwa ndani, likiziba upepo hupungua. Usishangae ukilikuta na majani makavu ya miaka kadhaa.