Chuo Hakitaona Kwamba Uliongezewa Muda

Juma hili binti mmoja mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, anayejiandaa kuomba nafasi ya uzamili Marekani, aliniambia kwamba atafanya GRE, mtihani wa kuombea uzamili, kwa muda wa kawaida, kwa kuwa rafiki yake alimwonya: "Ukiomba muda wa ziada chuo kitaona, na wataona umebebwa." Nimeshughulikia maombi ya watahiniwa wenye ulemavu kwa miaka mingi, na onyo hilo ninaweza kulimalizia mwenyewe msemaji akishafika kwenye neno "chuo".

Chuo hakioni. Ripoti ya matokeo haitaji muda wa ziada, msomaji, mwandishi wala nukta nundu. Rafiki hakuzua jambo hili, maana zamani ilikuwa kweli: alama za waliopewa nyongeza zilitumwa zikiwa na maelezo kwamba mtihani ulifanyika katika hali isiyo ya kawaida. Mark Breimhorst, asiye na mikono, aliyefanya GMAT, mtihani wa kuingilia shule za biashara, mwaka 1998, aliishtaki ETS, taasisi iliyoendesha mitihani hiyo, kwa sababu ya maelezo hayo, na katika makubaliano ya 2001 taasisi hiyo ilikubali kuyaondoa kwenye GRE, GMAT na TOEFL, mtihani wa Kiingereza, kuanzia Oktoba mwaka huohuo. Waendeshaji wa LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria, walishikilia desturi hiyo hadi maridhiano ya 2014, yaliyowagharimu pia dola milioni 7.73. Anayekutisha leo kwa habari hizi amechelewa sana.

Linaloniudhi zaidi ni hilo neno "umebebwa". Sehemu ya kwanza ya hesabu katika GRE ina maswali 12 kwa dakika 21. Aliyepewa nyongeza ya asilimia 50 anapata dakika 31 na nusu kwa maswali yaleyale, na asiyejua kukokotoa uwezekano hataujua kwa sababu saa imefika dakika ya 30. Anayejua, lakini hulazimika kuisoma sentensi mara tatu kabla herufi hazijatulia, ndiye anayepata nafasi ya kuonyesha hesabu badala ya kasi ya macho yake.

Wala muda wa ziada si dawa ya kila mtu, ingawa waombaji huuomba kama vile hakuna kingine. Tangu Septemba 2023, mtihani ulipofupishwa hadi dakika 118, hakuna tena mapumziko yaliyopangwa, na mwenye kisukari anayehitaji kupima sukari au kula kitu anapaswa kuomba mapumziko, yaani dakika zisizokatwa katika muda wa kujibu. Nikimwombea dakika za kujibu peke yake, nimemrefushia kikao kilekile kinachomwumiza. Asiyeona, kwa upande wake, huhitaji programu ya kusoma skrini pamoja na muda, kwa sababu jedwali ambalo wewe hulitupia jicho mara moja, yeye hulisikiliza kisanduku kimoja baada ya kingine.

Nakiri kwamba viwango vyenyewe vinanisumbua. Mara nyingi hutolewa asilimia 50 au 100, namba za mviringo mno, na sina kipimo kinachoweza kuniambia kwamba fulani anahitaji 35. Nakiri pia kwamba watu wengi wasio na ulemavu wangepata alama zaidi wakiongezewa muda, hoja ambayo wapinzani huitumia wakidhani imetumaliza. Mimi huiona kuwa lawama kwa haraka ya mtihani, lakini sidai kwamba nimeijibu yote.

Kuhusu nyaraka nitasema kwa ufupi: ADA, sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu watu wenye ulemavu, inakupa haki, ila barua ya daktari yenye mistari miwili inayotaja jina la ugonjwa haitoshi. Ieleze ulemavu wako unazuia nini hasa ukiwa mbele ya skrini na saa inakwenda.

Binti nimemwambia atume ombi kwanza, asubiri idhini, ndipo apange tarehe ya mtihani. Wengi huanza na tarehe, kisha hunipigia simu usiku.